Jiwe la Mahameni

Nilisikia jiwe kabla sijaona chochote. Ulikuwa mwezi wa Julai, saa mbili asubuhi, na ukungu wa Ufipa ulikuwa umelala juu ya nyasi, mzito kiasi kwamba nilisukuma baiskeli bila kuliona gurudumu lake la mbele. Mbele yangu alikuwa Mzee Yustini, bwana afya wa siku nyingi aliyepewa kazi ya kunifundisha, nami nilimfuata kwa kukisikiliza kikohozi chake. Kisha ukaja mlio mwingine, kutoka kushoto, juu kilimani. Krr, kimya. Krr, kimya. Jiwe juu ya jiwe. Mtu alikuwa anasaga.

Nikasema kumbe kuna watu huku. Mzee Yustini hakusimama. Alisema kule ni mahame, watu wote walishahamia kijiji kipya, na kwamba upepo wa Ufipa una tabia ya kuokota sauti mahali na kuziangusha mahali pengine. Asubuhi ile hakukuwa na upepo. Ukungu na upepo havikai pamoja. Lakini ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, nikaona si adabu kumsahihisha mkubwa wangu.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi vijana wa ofisini mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa kazi ya wazee, kwa kuwa sasa mnashughulika na bima zao. Nadhani mlitarajia taratibu. Taratibu mnazo kabatini. Mimi nitawaandikia habari za jiwe lile, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi, na bado nalisikia nikifungua daftari lolote lenye majina.

Sisi hatukuwa na bima. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na serikali ilisema matibabu ni bure. Ilikuwa kweli. Ila bure ile ilianzia pale mgonjwa alipofika. Mzee asiyeweza kutembea hakuijua bure hiyo. Ndiyo maana tulitumwa sisi, kila mwezi, kijiji hadi kijiji, tuwaone wazee kabla hawajaugua. Kila mzee alikuwa na kadi ya karatasi ngumu, rangi ya kahawia, yenye jina, kijiji na mahali pa kuweka alama. Haikuwa na picha.

Nilitoka Mbeya nikiwa kijana. Shangazi yangu aliposikia nimepangiwa Sumbawanga aliniombea kwa kunishika kichwa, kama ninayekwenda vitani, akaniambia nisipokee chakula kwa mtu nisiyemjua. Nilipanga chumba mtaa wa Malangali, na wiki ile ile nikala ugali wa ulezi kwa watu wanne nisiowajua. Kitu pekee kilichonidhuru kilikuwa baridi. Nilinunua kabuti kuukuu sokoni, nalo lilinitunza kuliko maombi ya shangazi, Mungu anisamehe.

Mzee Yustini alinifundisha macho. Kwenye uwanda ule wenye vumbi na moshi wa jikoni, macho ya wazee yalikuwa yanakufa kwa ugonjwa wa vikope. Kope la juu hujikunja kwa ndani, nywele zake zikalikwangua jicho kila mtu anapopepesa, mchana na usiku, mpaka jicho linapata ukungu wake lenyewe. Kazi yetu ilikuwa kuwahi. Unanawa mikono mbele ya mgonjwa, akuone. Unamwambia atazame chini, unashika nywele za kope, unaweka kijiti cha kiberiti juu yake, unaligeuza. Ukikuta uwekundu, unatoa mrija wa dawa ya macho ya njano. Ukikuta nywele zimegeukia ndani, unazing'oa kwa kibano, moja moja. Kibano chenyewe unakijaribu kwanza kwa kung'oa nywele za mkono wako. Kikiteleza kwenye mkono wako, usikipeleke kwenye jicho la bibi wa mtu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa laini kama wa mtoto kwa miaka mingi.

Na alinipa sharti moja, akalisema mara moja tu, siku aliyokabidhi baiskeli na kurudi kwao Kaengesa kulima: "Usiandike jicho ambalo hujalishika."

Nikajibu ndiyo mzee. Na nikaandika jicho nisilolishika kwa miezi minne.

Ilikuwa hivi. Katika kijiji kile kipya, ambacho jina lake naliacha, wazee walikutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi kwenye ukuta wa ghala la kijiji, upande unaopigwa na jua. Walikaa chini kwa safu, wamejifunika mablanketi ya kijivu yanayofanana mpaka vichwani. Mimi nilisimama mbele na daftari nikaita majina, kama mwalimu. Kila aliyeitwa aliitika "Nipo," na wenzake wakapiga makofi mepesi, viganja vimekunjwa, kama Wafipa wanavyosalimiana. Nikaweka alama. Baada ya hapo nilinawa mikono na kuipitia safu, jicho baada ya jicho, bila kushika tena daftari, maana mikono ilikuwa na dawa. Kuita kwanza, kupima baadaye. Nilijiona mwepesi sana wa kazi.

Jina la mwisho lilikuwa Bibi Agripina. Liliitikiwa kila mara kutoka mwisho wa safu, sauti nyembamba, kavu, yenye mkwaruzo. Nipo. Makofi. Alama.

Mwezi wangu wa nne, sijui kwa nini, nilihesabu. Sauti kumi na tisa zilikuwa zimeitika. Nilipomaliza kupima, nyuso zilikuwa kumi na nane. Nikarudi mwanzo wa safu nikahesabu tena, taratibu, nikigusa kila blanketi begani. Kumi na nane. Jua lilikuwa linawaka, kuku wanachakura, na mkono wangu ulikuwa bado kwenye blanketi la mwisho. Hakuna mzee aliyecheka. Hakuna aliyeuliza nahesabu nini. Wote walikuwa wananitazama kwa upole, kama watu wanaomwonea huruma mgeni anayechelewa kuelewa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependa kukaa kwenye kiti chake cha kukunja akiwa na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Nikamuuliza Bibi Agripina anakaa nyumba ipi. Akachomoa kalamu moja, akairudisha mfukoni. Kisha akaniambia bibi huyo ni wa kijiji hiki, yumo kwenye orodha, na wote waliomo kwenye orodha wamehama. Nikamwambia sijawahi kumwona. Akasema wazee wa huku ni wagumu kuonekana.

Nikamuuliza kuhusu mlio wa kilimani.

"Kule hakuna mtu, Bwana Afya," alisema. "Kule kuna waliotutangulia. Waache wasage."

Akabadili mazungumzo, akaanza kunisifia vyoo vya kijiji.

Siku zile nilianza kuusikiliza mlio ule kila nilipopita. Ulikuja na ukungu na kuondoka na jua. Watoto wanaokwenda kuchota maji waliposikia walinyamaza, wakaharakisha. Wanawake waliokuwa wanapalilia walisimamisha majembe, wakasikiliza, kisha wakaendelea, na nilidhani naona nyusoni mwao kitu kama kutulia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mizimu yetu kule Mbeya ikisikika, watu hawatulii.

Alhamisi ya mwezi wangu wa tano niliita majina kama kawaida. Nilipofika la mwisho, sauti haikuja.

Niliita tena. Wazee wale, mmoja baada ya mwingine, waligeuza vichwa na kutazama kilimani. Ukungu ulikuwa bado haujapanda. Sasa ndipo nilipogundua kwamba tangu nimewasili asubuhi ile sikuwa nimesikia jiwe.

Bibi mmoja mwisho wa safu alijifunua blanketi. Alikuwa Bibi Skolastika, ambaye macho yake nilikuwa nimeyashika kila mwezi na sikuwahi kuyatilia shaka. Alisema, bila kunyanyua uso, "Mimi ndiye niliyekuwa namwitikia dada yangu. Nikilisikia jiwe lake asubuhi, naitika. Tangu juzi halijalia. Siwezi kusema yupo wakati sijui."

Sauti ilikuwa ile ile. Nyembamba, kavu, yenye mkwaruzo.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Bibi Skolastika alieleza kwa utulivu kwamba wakati wa kuhama dada yake alikataa. Jiwe lake la kusagia si la kubeba, ni mwamba wenyewe uliotoka ardhini, wenye shimo lililochimbwa na mikono ya mama yao, na ya mama wa mama yao. Kila mtu alibeba mlango na nguzo zake kwenda kijiji kipya. Yeye alisema atahama siku mwamba utakapohama. Mwenyekiti alikwisha andika kwamba kaya zote zimehamia, na ikijulikana kwamba amebaki mmoja, yeye ataaibika na bibi ataondolewa kwa nguvu. Basi kijiji kizima kilikubaliana bila mkutano: aliyeko mahameni ni mizimu, na jina lake litaitikiwa. Bibi Skolastika naye alinyamazia macho ya dada yake kwa sababu hiyo hiyo. Dawa niliyompa yeye alimgawia dada yake, lakini dawa haing'oi nywele.

Tulipanda pamoja, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na mfuko wa turubai. Mahame ni mahali pabaya kupita asubuhi ya ukungu. Nyumba zilizoezuliwa zilisimama na vyumba vyake wazi juu, moshi wa zamani bado mweusi kutani. Jani la boga lilikuwa limeingia dirishani na kutoka mlangoni. Kisha mbele yetu akatokea mtu mrefu kuliko mtu, mweusi, hana kichwa, nami nilisimama kabisa. Lilikuwa tanuru la udongo, la wahunzi wa zamani waliokuwa wakiyeyusha chuma. Bibi Skolastika aliligusa kwa kiganja alipopita, kama anayemsalimia jirani.

Nyuma ya tanuru tukamwona dada yake.

Alikuwa amepiga magoti kwenye mwamba, blanketi limelowa umande. Mikono yake miwili ilikuwa inakwenda mbele na kurudi nyuma katika shimo la jiwe, mbele na nyuma, kwa mwendo ule ule niliokuwa nimeusikia miezi mitano. Lakini mikononi hamkuwa na kitu. Jiwe la juu halikuwepo. Alikuwa anasaga kwa viganja vitupu, na hapakuwa na mlio wowote.

Nikasema shikamoo bibi.

Mikono ikasimama. "Nipo," akasema. Kisha akasikiliza tena, akatabasamu kidogo. "Marahaba. Nilidhani wananiita."

Jicho la kushoto lilikuwa jeupe lote, kama yai lililochemshwa, limekwisha. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, linatiririka, na nywele za kope zilikuwa zinalipiga kila alipopepesa. Bado liliona kivuli na mwanga. Jiwe la juu lilikuwa limemponyoka juzi likabingirika kwenye nyasi, naye hakuweza kuliona, akalitafuta kwa kupapasa siku mbili. Nililikuta hatua sita kutoka pale alipopiga magoti. Kwenye daftari langu, kwa maandishi yangu mazuri, macho hayo yalikuwa mazima mara nne.

Niling'oa nywele asubuhi ile nikiwa nimepiga magoti kwenye mwamba. Hakulalamika hata mara moja. Aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia, akasema watu wa Mbeya wanapenda kuandika sana. Nilipomrudishia jiwe la juu, alilishika kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, akaliweka kwenye shimo, akalisukuma. Krr. Hakukuwa na ulezi. Alisaga mwamba mtupu.

"Unasaga nini, bibi?"

"Sisagi, mwanangu. Ninamwambia Skola nimeamka."

Nilipanda kila Jumamosi baada ya siku hiyo. Nywele za kope zikiondolewa huota tena, na zikiota huwa fupi na kali zaidi; hilo mliandike mahali. Dawa yake ni kupasua kope na kuligeuza, na kazi hiyo ilifanywa hospitalini mjini. Nilimwambia wazi kwamba asipokwenda kabla ya mvua, jicho la kulia litafuata la kushoto. Alinielewa vizuri. Lakini alijua jambo jingine pia.

Mwenyekiti alikuwa amekwisha pata habari za Jumamosi zangu. Aliniita, na safari hii hakusifia vyoo.

"Mimi nimeandika wote wamehama," alisema. "Sasa wewe unataka kuniandikia aliyefufuka?"

Nilimwambia nahitaji barua ya kijiji ya kumpeleka hospitali. Tukatazamana. Ndipo tulipoona, nadhani wakati mmoja, kwamba barua hiyo haikuwa na tatizo lolote. Bibi Agripina alikuwa mkazi halali wa kijiji kipya, kaya iliyohama, kwa mujibu wa orodha yake. Uongo wake ulikuwa na muhuri. Aliandika kwa kalamu ile inayoandika, akanikabidhi, halafu akaniambia tatizo lililobaki, na sikusikia furaha katika sauti yake.

"Nyumba yenye moshi mahameni sijaiona. Nina macho mabovu kuliko ya bibi yako. Lakini isiyo na moshi haina mtu; wakaguzi wakipita wataniuliza mbona bado imesimama, na nitatakiwa kuiezua mimi mwenyewe na kuusawazisha ule mwamba kwa nyundo. Usinilaumu."

Kwa hiyo jicho lilikuwa upande mmoja, na nyumba na jiwe upande wa pili. Nilikuwa kijana wa serikali mwenye baiskeli na kibano, na sikuwa na kitu cha kuweka katikati. Nilimpelekea Bibi Agripina maneno yale kama yalivyo. Alipapasa shimo la jiwe kwa kidole, akasema atafikiri. Niliteremka nikiamini nimempoteza.

Nitawaambia mwisho wa jicho, ili msisome mkiwa na wasiwasi. Jicho la kulia lilipona. Alirudi mahameni akiwa na kope lililoshonwa, akaishi kwa jicho moja, akalima, na aliuona uso wangu akasema nilikuwa mbaya kuliko sauti yangu. Kadi yake ya kahawia ninayo mpaka leo.

Nitawaambia pia nilichofanya kwenye daftari. Alhamisi ile alipokuwa hospitalini, niliita majina kama kawaida. Nilipoita Skolastika, hakuna aliyeitika kwenye safu. Tulingoja. Kisha kutoka kilimani, ukungu ukiwa bado chini, likaja jiwe. Krr, kimya. Krr, kimya. Wazee wote wakapiga makofi mepesi. Sikuweka alama. Nilichora mstari wa wima katikati ya safu ya alama, nikapata safu mbili. Ya kwanza niliandika *ameitika*. Ya pili niliandika *ameonwa*. Mkikuta madaftari ya zamani ya mkoa yenye mstari uliochorwa kwa mkono, uliopinda, ndio huo. Kadi zenu za siku hizi zina picha, na picha ni kitu kizuri, lakini hata picha ni kuitika tu.

Sasa narudi kwenye asubuhi ya kuondoka, kwa sababu ndiyo ninayoiona nikifumba macho.

Gari la misheni lilikuwa lipite barabarani saa tatu. Nilipanda kilimani mapema bila matumaini, nimeandaa maneno ya kumbembeleza. Nilimkuta Bibi Agripina amekaa kwenye kizingiti, amevaa, kitambaa safi kichwani, fimbo mkononi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa. Nikashangaa amewasha moto wakati anasafiri.

Kisha nikamwona Bibi Skolastika akitoka ndani, amekunja mikono ya gauni, na majivu kwenye vidole. Kando ya meko lilikuwepo blanketi lake la kijivu, chungu chake na kikapu cha ulezi. Alikuwa ameacha nyumba yake kijijini.

Dada wale wawili walisogeleana, wakakunja magoti kidogo, wakapigiana makofi mepesi, na kwa muda sikuweza kujua ni nani anayeondoka na ni nani anayebaki. Wote wawili walikuwa na blanketi, wote na mgongo ule ule. Bibi Agripina alimwekea mwenzake jiwe la juu mikononi.

"Usisage kwa haraka kama ulivyozoea," alimwambia. "Watajua si mimi."

"Nenda, dada. Umekuwa mwoga wa gari tangu utoto."

Nikamwambia Bibi Skolastika kwamba Alhamisi nitaita jina lake, na daftari litahitaji jibu.

"Utanisikia," alisema.

Nilimshika Bibi Agripina kiwiko, tukaanza kuteremka kwenye ukungu. Mlango wa ubao, wa pekee uliobaki kilima kizima, ukafungwa nyuma yetu kutoka ndani.